Vidonge vya donepezili na plasta ya rivastigmini: bi mkubwa katumia zote mbili, maoni yangu haya hapa

Naanza na nyota kabisa ili asie na muda asome aende zake. Vidonge vya donepezili, jeneriki ya India, 5 mg halafu 10 mg, navipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Plasta ya rivastigmini, ile Exelon ya kubandika mgongoni, naipa tatu, na ingepata nne kama tungekua tunaishi Lushoto au Makete na sio hapa Dar kwenye joto hili. Ukiniuliza kama zinatibu Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, jibu ni hapana, hazitibu, na muuza dawa yeyote akikwambia zinatibu shika pochi yako vizuri. Zinashikilia. Tena zinashikilia kidogo, kiasi kwamba kama humjui mgonjwa wako kwa karibu unaweza ukamaliza maboksi kadhaa ukaapa umepigwa.

Bi mkubwa wetu ni wa miaka sabini na ushee, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa hesabu za kichwa, dukani alikua anajua chenji yake kabla mangi hajagusa kikokotoo. Ilianza kwa kuuliza kitu kilekile, ikaja kumlipa bodaboda mara mbili, ikafika mahali anamtuhumu dada wa kazi kaiba doti la kanga ambalo lilikua limo ndani ya sanduku lake mwenyewe, limekunjwa na kutiwa asumini kama anavyopenda. Kwenye familia wengine wakasema uzee tu, wengine wakasema kachezewa, mama mdogo akaja na maji ya kombe akanywa na hatukumzuia mtu. Lakini tukaenda na hospitali pia. Kabla ya kuandikiwa chochote akapimwa tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, na CT ya kichwa, na hili nalisisitiza sana sababu kuna vitu vinamfanya mtu asahau na vinatibika kabisa, sasa ukikimbilia vidonge vya Alzheimer wakati tatizo ni tezi unakua umemchelewesha mtu bure.

Sasa hii dawa inafanya nini, maana famasi ukiuliza unajibiwa "ya kumbukumbu hiyo" basi. Kwenye ubongo seli zinapashana habari kwa kemikali, na mojawapo ni asetilikolini, hii inahusika sana na kumbukumbu na umakini. Ikishafikisha ujumbe inavunjwa na kimeng'enya kinaitwa asetilikolinesterasi, na hiki kimeng'enya kina spidi ya kutisha, molekuli moja inavunja maelfu ya asetilikolini kwa sekunde moja. Mwaka 1976 watafiti wawili Uingereza, Davies na Maloney, walipopima ubongo wa watu waliofariki na Alzheimer wakakuta kile kinachotengeneza asetilikolini kimepungua vibaya sana. Hapo ndo wazo likashika kasi, kwamba kama kutengeneza kumepungua basi tumzuie anaevunja ili hicho kidogo kilichopo kikae muda mrefu. Donepezili ndo kazi yake hiyo, inaingia kwenye kimeng'enya inakizuia. Ni kama kuziba tobo la simtank wakati bomba la mtaa lenyewe linazidi kupungua nguvu, maji yaliyomo yanadumu zaidi, lakini bomba likikauka kabisa kuziba tobo hakuna maana tena. Ukishalielewa hili hutakuja kumlaumu daktari wala Mhindi aliyetengeneza kidonge, sababu seli zinaendelea kufa kwa mwendo wake na hakuna kidonge cha kundi hili kinachozizuia kufa.

Ukifuatilia ukoo wa hizi dawa utashtuka kidogo. Chimbuko lake ni maharage ya Calabar, huko Nigeria, Waefik walikua wanayatumia kuapisha watuhumiwa, yaani mwavi, mtu ananyweshwa, akitapika kasalimika, akifa basi alikua na hatia. Wamisionari wa Skotlandi wakayapeleka Edinburgh, kuna profesa anaitwa Robert Christison mwaka 1855 akayatafuna mwenyewe aone itakuaje na nusura ajiue. Mwaka 1864 wakemia wa Kijerumani wakaitoa sumu yenyewe, fisostigmini, na rivastigmini iliyopo kwenye plasta ya bi mkubwa imeundwa kwa kufuata umbo la hiyo hiyo fisostigmini, kazi ya Marta Weinstock na wenzake Chuo Kikuu cha Kiebrania Jerusalem. Dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, zile za organofosfati, zinapiga kimeng'enya hikihiki, gesi ya sarin nayo hikihiki. Na watu wa Pwani hii mtaipenda, kuna dawa inaitwa metrifonati ambayo zamani ilikua ya kichocho, watu wamemeza sana Afrika kabla ya prazikwanteli kushika soko, kumbe nayo inazuia kolinesterasi, Bayer wakaijaribu kwa Alzheimer miaka ya 1990 wakaja kuacha sababu baadhi ya wagonjwa walilegea misuli. Nayaandika haya sio kumtisha mtu, ni ili uelewe kwanini daktari anaanza na dozi ndogo na kupanda taratibu na kwanini hakuna "niongezee tu kidogo maana naona hafanyi vizuri". Hapa miligramu ndo kila kitu.

Ya kwanza kabisa kuruhusiwa Marekani kwa Alzheimer ilikua takrini, jina la dukani Cognex, 1993. Ile ilikua kazi kweli, mara nne kwa siku, na karibu nusu ya waliotumia vipimo vyao vya ini vilipanda, kwaiyo ni damu kila mara. Fikiria mtu asiekumbuka kama kala, umpe kidonge mara nne halafu umbebe kwenda kutolewa damu. Imeshaondoka sokoni na hakuna anayeilaumu kuondoka.

Donepezili ndo iliyorahisisha maisha na hapa nawapa Wajapani heshima yao. Iliundwa na kampuni ya Eisai, timu ya Hachiro Sugimoto, kwenye maabara zao Tsukuba, utafiti ulianza miaka ya 80 mwanzoni, jina la maabara E2020. Inasemekana walikua wanatafuta dawa ya mishipa ya damu, wakaona kuna kitu walichokitengeneza kinawafanya panya waonyeshe dalili za asetilikolini kuzidi, wakakifuata. Huyo Sugimoto mama yake mzazi alikua na ugonjwa wa kusahau, akafika mahali hamtambui mwanae. Mi nilivyosoma hilo nikaliangalia boksi kwa jicho lingine kabisa. Marekani iliruhusiwa 1996 kwa jina la Aricept, na haki miliki ilipoisha kule 2010 jeneriki zikamwagika, ndo hizi tunazonunua.

Haya, kidonge chenyewe. Kidogo, cha mviringo, kina ngozi ya juu kwaiyo hakina uchungu ukimeza haraka, bi mkubwa ana tabia ya kukiweka kidonge shavuni na kukusubiri uondoke, sasa hiki akikiweka sana ngozi inayeyuka anakunja uso na kukitema kwenye kiganja, kwaiyo unasimama hapo na kikombe cha maji mpaka unaona koo limepanda na kushuka. Ni mara moja tu kwa siku, na hii peke yake ni nusu nyota. Kitu kingine kizuri ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake inachukua kama masaa 70 kuondoka, maana yake mkisahau siku moja sio msiba, kesho yake unaendelea na kile kimoja cha kawaida, huongezi mara mbili. Kwa nyumba ambayo leo anaeuguza ni mimi, kesho ni mpwa wangu, keshokutwa ni dada wa kazi, hii ni faida kubwa ambayo kwenye karatasi ya ndani ya boksi huwezi kuiona imeandikwa kwa herufi kubwa.

Tulianza 5 mg usiku kabla ya kulala kama ilivyoandikwa. Wiki za mwanzo tumbo, anaharisha kidogo, chakula hataki, uji anaushika kijiko tu, mate mengi. Haya maudhi ndo yaleyale ya ukoo wake niliousema, asetilikolini haiko kichwani tu, iko tumboni, iko kwenye moyo, iko kwenye kibofu, ukizuia kimeng'enya huku na kule kote kunasikia. Yalipungua yenyewe. Ndoto sasa, hizo hazikupungua. Alikua anaamka usiku wa manane anapiga kelele anawafukuza watoto wa darasa la nne watoke dirishani, kila usiku darasa la nne, mpaka majirani wakauliza kulikoni. Daktari akasema hamishieni asubuhi, tukahamishia asubuhi baada ya chai, na ndoto zikaisha karibu zote. Kama kuna kitu kimoja tu unataka kuchukua kwenye maoni yangu haya basi chukua hicho, wengi wanaacha dawa kwa sababu ya ndoto wakati ruhusa ya kuinywa asubuhi ipo, muulize daktari wako.

Je ilifanya kazi? Mi nilikua na njia yangu ya kupima. Vile vipimo vya kliniki, leo tarehe ngapi, chora saa, kumbuka maneno matatu, ni vya daktari. Mi nilikua naangalia mambo ya nyumbani. Kabla ya dawa alikua ameacha kabisa kupokea simu, inaita anaiangalia tu. Ilivyotimia miezi kadhaa akawa anapokea tena na kuuliza "nani mwenzangu", halafu akishajua ni kaka yuko Muscat anamuulizia watoto wake, jina la wa kwanza analipata, wa pili anabahatisha. Akarudi kuchambua mchele mwenyewe, ungo mapajani, chuya huku mawe kule, na akawa anamaliza badala ya kuuacha katikati akaenda kusimama getini. Kuoga mwenyewe akarudi nusu nusu. Tuhuma za wizi hazikuisha ila zilipungua makali. Hayo ndo matokeo, sikudanganyi, hakurudi kua mwalimu, chenji bado hawezi, na swali la "baba yenu karudi?" bado lipo wakati mzee alifariki zamani.

Na ukienda kwenye tafiti kubwa utakuta picha hiyohiyo tu. Kwenye kipimo kimoja cha pointi 70 wanachokitumia sana kwenye majaribio, wanaomeza donepezili wanawazidi wanaomeza kidonge feki kwa kama pointi 3 hivi baada ya miezi sita. Kwenye kile kifupi cha pointi 30 ni kama pointi moja. Kidogo eti? Ndio maana wataalamu wenyewe wanavutana. Uingereza walifanya utafiti wa wagonjwa 565 ukatoka 2004, ukakuta alama za kumbukumbu zinapanda kidogo kweli lakini idadi ya wanaoishia kwenye nyumba za wazee haikubadilika kwa maana. Ufaransa ndo waliamua kabisa, kuanzia Agosti 2018 bima ya serikali ikaacha kulipia donepezili, rivastigmini na nyingine mbili za Alzheimer, galantamini na memantini, wakisema faida haitoshi ukilinganisha na madhara. Halafu hapohapo Uingereza utafiti mwingine wa 2012, wagonjwa 295 waliofika hatua ya kati na kali, wakagawanywa wengine waendelee na donepezili wengine waachishwe, na walioendelea wakabaki vizuri zaidi kumbukumbu na shughuli za kila siku. Mi nasimama na huu wa pili, kwa sababu kuna kipindi mzigo wetu ulichelewa tukakaa bila dawa, na mabadiliko tuliyaona wote, mpaka dada ambae hajui hata jina la dawa akauliza bibi ana nini. Ufaransa ana nyumba ya wazee, ana nesi anaekuja nyumbani, pointi moja kwake ni pointi moja. Kwangu mimi pointi moja ni mtu anaekwenda chooni mwenyewe.

Plasta sasa. Tulifika huko sababu ya 10 mg. Daktari alipandisha baada ya wiki kadhaa za 5, na pale ndo kichefuchefu kikarudi kwa nguvu na kikagoma kuondoka, kilo zikaanza kushuka, gauni linaning'inia, na mapigo ya moyo yakashuka kuliko anavyopenda daktari. Akasema tujaribu rivastigmini ya kubandika, kwa sababu dawa inaingia kupitia ngozi taratibu kwa masaa 24 badala ya kumwagika tumboni kwa mkupuo. Hii kweli ina ushahidi, kwenye jaribio lao kubwa waliotumia plasta ya 9.5 mg waliopata kichefuchefu ni asilimia 7 hivi wakati wa kapsuli ilikua 23. Rivastigmini pia inazuia vimeng'enya viwili, asetilikolinesterasi na ndugu yake butirilikolinesterasi, kwenye matangazo hilo wanalivumisha sana, mi tofauti kwa macho sikuiona.

Dar tulizunguka famasi nyingi hatukuipata kirahisi, na ilipopatikana bei ilikua mara kadhaa ya vidonge, bima tuliyonayo ikasema haimo kwenye orodha. Kaka akawa anatuma kutoka Muscat kwa cheti cha daktari. Plasta ni duara dogo rangi ya ngozi ya Mzungu, kila moja kwenye kifuko chake unakikata na mkasi, nyuma ina karatasi mbili unabandua moja kwanza, unabandika, unabandua ya pili, unakandamiza na kiganja nusu dakika. Inaanza 4.6 mg kwa siku, baadae 9.5. Kila siku sehemu mpya, na sehemu ileile hurudi mpaka zipite wiki mbili. Sisi tulibandika mgongoni juu, pale mkono wake haufiki, maana akiiona anaibandua, anasema ni kidonda.

Kwa tumbo ilikua ahueni kubwa, alikula. Kwa hilo peke yake nyota mbili zimeshaingia.

Tatizo jasho. Desemba mpaka Machi Dar umeme ukikatika feni imesimama, mgongo wa mtu mzima unachuruzika, plasta inaanza kunyanyuka pembeni kufika adhuhuri, jioni imeshahamia kwenye dera. Tukajaribu kuibana na plasta ya kawaida juu yake, ngozi ikawasha, akabaki na maduara mekundu mgongoni ukihesabu unajua ni ya siku ngapi. Mafuta ya nazi hapana, losheni hapana, poda hapana, na huyu ni mwanamke wa Tanga ambae hajawahi kutoka bafuni bila kujipaka mafuta.

Na kuna hatari ambayo inabidi niiseme kwa sauti. Plasta ikitoka mwilini baada ya masaa 24 bado ina dawa ndani, nyingi tu. Kubandika mpya bila kutoa ya zamani ni dozi mbili, na kumeripotiwa vifo duniani kwa wagonjwa kubandikwa plasta zaidi ya moja, mamlaka za dawa zimeshatoa tahadhari. Nyumbani kwetu siku moja mpwa wangu hakuiona ya jana akajua imedondoka, akabandika mpya, kumbe ya jana ilikua imeteleza mpaka kiunoni chini ya kamba ya sketi ya ndani, dada ndo kaja kuiona wakati wa kuogesha jioni. Alitapika, akalegea, tukampeleka akaangaliwa usiku kucha akawa salama. Tangu hapo kila plasta inaandikwa siku kwa kalamu ya biki kabla haijabandikwa, JUMANNE, na ya zamani lazima ionekane kwa macho ndo mpya ifunguliwe, kisha inakunjwa ikijishika yenyewe na kutupwa mbali na watoto. Kwenye nyumba ya mlezi mmoja hii sio shida. Kwenye nyumba zetu za watu wanaopokezana, ni shida, na ndo kitu kilichoipunguzia alama kuliko hata bei.

Pia mkikosa zaidi ya siku tatu hamrudi palepale kwenye 9.5, mnaanza tena 4.6. Sasa weka hilo pamoja na mzigo unaosubiri mtu anaesafiri kutoka Muscat uone raha yake.

Mwisho daktari akaturudisha kwenye donepezili 5 mg, asubuhi, na hapo ndo tupo mpaka leo.

Vitu ambavyo sikuambiwa famasi na nilipaswa kuambiwa. Piritoni. Bi mkubwa akipata mafua kidogo tu mtu anamnunulia piritoni, na piritoni pamoja na dawa nyingi za mafua na za kukata tumbo zinazuia asetilikolini, yaani unamlipia dawa ya kuiongeza asubuhi na jioni unampa ya kuizima. Amitriptilini nayo hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kibofu. Kuna mtego kabisa hapo, donepezili inaweza kumfanya mtu ashindwe kubana mkojo, daktari mwingine asiejua anaandika dawa ya kubana mkojo, ile dawa inamchanganya kichwa, wanasema ugonjwa umepanda. Diklofenaki ya magoti pia uangalifu, maana hizi dawa zinaongeza asidi tumboni. Mwenye pumu aseme. Akienda operesheni daktari wa usingizi aambiwe, sababu kuna dawa yao ya kulegeza misuli itakaa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Na kabla ya kuanza mpigieni ECG, kile kipimo cha mapigo ya moyo, dakika chache tu, maana mapigo yakiwa tayari yako chini hizi dawa zinayashusha zaidi na mzee anaweza kuzimia akaanguka, na nyonga ikivunjika umri huo mnajua wenyewe.

Kuna famasi moja mitaa yetu, siitaji, nilienda kununua boksi la kawaida kijana akanishawishi nichukue kopo la "virutubisho vya ubongo" badala yake, ya asili, haina kemikali, bei mara tatu. Nikageuza kopo nikasoma nyuma, kuna huperzini A. Huperzini A inatoka kwenye mmea wa China na kazi yake ni hiyohiyo kuzuia asetilikolinesterasi, kwaiyo ningempa juu ya donepezili ningekua nimeongeza dozi bila kipimo, na yeye kijana hakujua. Asili nini sasa, hata galantamini asili yake ni ua la theluji na Wabulgaria waliifanya dawa tangu miaka ya 50, ina maudhi yaleyale ya tumbo na moyo, mwili haujali kama imetoka kwenye ua au kwenye kiwanda. Someni nyuma ya makopo.

Wanaoniuliza kwanini nisisubiri zile mpya za drip, lekanemabu na wenzake, ambazo zinaondoa amiloidi, ule uchafu wa protini unaorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Ile ilipoidhinishwa Marekani 2023 bei iliyotangazwa ilikua dola 26,500 kwa mwaka, drip kila wiki mbili, na MRI za mara kwa mara kuangalia kama ubongo unavuja damu, na ni kwa walio hatua ya mwanzo tu. Bi mkubwa hatua hiyo alishaipita wakati sisi bado tunabishana kama ni uzee. Kwa tuliopo huku, soko halisi ni hivi vidonge ambavyo vimetengenezwa kabla mpwa wangu hajazaliwa.

Kwaiyo nani anunue. Mgonjwa wa hatua ya mwanzo au ya kati, moyo umepimwa uko sawa, kuna mtu wa kumsimamia kila asubuhi, anza na jeneriki ya donepezili, mpe kama miezi mitatu hadi sita kabla hujasema neno, na andika kwenye daftari mambo matatu manne ya nyumbani anayoweza na asiyoweza siku unaanza, bila daftari mtabishana na ndugu zako mpaka kesho kama inasaidia au haisaidii. Tumbo likigoma kabisa na mfuko unaruhusu na mlezi ni mmoja, plasta. Kuacha ghafla kwa sababu "naona haisaidii" usifanye bila daktari, kushuka kunaweza kuja haraka na sio lazima apande tena ukirudisha.

Na kwa alieko kitandani, hatambui mtu, hali mpaka alishwe, anauliza kama aanze leo? Nilimuuliza daktari wetu hilohilo kwa ajili ya mama wa rafiki yangu, akanyamaza kidogo akasema yeye asingeanza, pesa hiyo angenunulia godoro la kuzuia vidonda na kumlipa mtu wa kumgeuza usiku.